Nikolai Vavilov: Alikusanya mbegu za dunia nzima, kisha akafa njaa

Tarehe 26 Januari 1943, mfungwa mmoja wa miaka 55 alikata roho katika hospitali ya jela mjini Saratov, Urusi. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa. Kilichomuua ni kukosa chakula.

Wakati huo Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto na mamilioni ya watu walikuwa wakifa hivyo hivyo. Lakini huyu hakuwa mfungwa wa kawaida. Jina lake ni Nikolai Vavilov, jamaa ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka dunia akiokota mbegu za ngano, shayiri, mahindi, viazi na maharagwe ili nchi yake isilale njaa tena. Mkusanyo wake wa mbegu ndio uliokuwa mkubwa zaidi duniani. Mwenye ghala akafa tumbo tupu.

Pengine hujawahi kumsikia. Shuleni wengi tulikaririshwa Mendel na njegere zake, mtihani ukaisha, tukasonga. Lakini kama umewahi kugeuza pakiti ya unga ukaona imeandikwa zinki na madini ya chuma, au ukasikia habari za viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, basi tayari uko ndani ya hadithi ya huyu mzee. Hebu tuianze mwanzo.

KIJANA WA MOSCOW

Vavilov alizaliwa Moscow mnamo Novemba 1887. Baba yake alitoka katika familia ya wakulima maskini kijijini, akaja mjini akiwa mdogo, akajipandisha hadi akawa mfanyabiashara wa vitambaa. Yaani nyumbani hawakuwa wanasota. Lakini njaa haikuwa mbali. Vavilov akiwa na miaka minne tu, mwaka 1891, mavuno yalikufa sehemu kubwa ya Urusi na watu wengi wakaangamia. Nchi hiyo ilikuwa na mashamba mapana ajabu, ila kila baada ya miaka michache ukame ulipiga na wananchi wakabaki kuokota majani.

Baba alitaka mtoto afuate biashara. Mtoto akachagua chuo cha kilimo. Utafiti wake wa kwanza ulikuwa kuhusu konokono wasio na gamba wanaotafuna mazao. Si mada ya kumfanya mtu maarufu mtaani, lakini ndiyo iliyomfungulia njia. Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma chini ya William Bateson, mwanasayansi aliyelipa somo la jenetiki jina lake. Somo lenyewe lilikuwa changa kabisa. Watu walikuwa ndio wanaanza kuelewa kwamba tabia za mmea, kama urefu, rangi au uwezo wa kuhimili ugonjwa, hurithiwa kwa kanuni zinazoweza kufuatiliwa.

Vavilov alivutiwa zaidi na swali moja. Kwa nini ngano hii inaugua kutu na ile ya jirani yake haiugui? Kutu ya ngano ni ugonjwa wa kuvu ambao unaweza kufuta shamba zima. Aliona kwamba kama kinga imo ndani ya mbegu, basi kazi ni kuitafuta hiyo mbegu, popote ilipo duniani, na kuizalisha na ile inayozaa sana lakini haina kinga. Wazo hilo ndilo lililombeba maisha yake yote.

MKATE ULIOLEVYA WANAJESHI

Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Urusi waliokuwa Uajemi, yaani Iran ya leo, walianza kuumwa kwa namna ya ajabu. Wakila mkate wa huko, wanapepesuka kama walevi. Serikali ikamtuma Vavilov akachunguze.

Aligundua kwamba ngano ya eneo hilo ilikuwa imechanganyika na gugu linalofanana na ngano sana, na gugu lenyewe lilikuwa na kuvu yenye sumu. Wataalamu wengi husema ndilo lile gugu la kwenye mfano wa Biblia wa magugu shambani. Dawa ilikuwa rahisi: wanajeshi waache kula unga wa huko.

Kazi iliisha, lakini Vavilov hakurudi nyumbani haraka. Alipanda farasi akaelekea milima ya Pamir, njia nyembamba juu ya makorongo, akikusanya mbegu za wakulima wa milimani. Huko ndiko alikoona kitu ambacho kilimkaa akilini. Kadiri alivyozidi kuingia vijiji vya ndani, ndivyo aina za ngano zilivyozidi kuwa nyingi: masuke mekundu, meupe, yenye ndevu, yasiyo na ndevu, punje fupi, punje ndefu. Shamba moja la mkulima asiyejua kusoma lilikuwa na utajiri ambao kituo cha utafiti Ulaya hakikuwa nao.

Alirudi, mwaka 1917 akawa profesa mjini Saratov, na mwaka 1920 akatangaza hapo hapo kanuni iliyompa jina. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: mimea iliyo ndugu hubeba tabia zinazofanana. Ukikuta suke lisilo na ndevu kwenye ngano, endelea kulitafuta kwenye shayiri na rai pia, maana huenda lipo na hujaliona tu. Wenzake walifurahi hadi wakamlinganisha na Mendeleev, yule Mrusi aliyepanga jedwali la elementi na kuacha nafasi kwa zile ambazo hazijapatikana.

KILA ZAO LINA KWAO

Mwaka 1921 Vavilov alihamia Petrograd, mji ambao baadaye uliitwa Leningrad na leo ni St Petersburg, kuongoza taasisi ya utafiti wa mimea. Mwaka huo huo njaa kali ilipiga eneo la mto Volga. Watu karibu milioni tano walikufa. Akasafiri hadi Marekani kutafuta mbegu.

Baada ya hapo hakutulia. Afghanistan mwaka 1924. Kisha nchi za Mediterania. Uchina, Japani na Korea mwaka 1929. Mexico mwaka 1930, halafu Amerika Kusini. Waliosafiri naye walisimulia kwamba alilala saa nne au tano tu kwa usiku, na kwamba alijifunza lugha za watu aliowatembelea ili aongee na wakulima mwenyewe.

Mwanzoni mwa 1927 alifika kwa majirani zetu. Aliingia Ethiopia, akakutana Addis Ababa na Ras Tafari, ambaye miaka michache baadaye angetawazwa kuwa Haile Selassie, na akapewa ruhusa ya kuzunguka. Alisafiri na msafara wa nyumbu kupitia nyanda za juu hadi Eritrea. Alichokuta kilimshangaza: ngano ngumu, ile inayotengenezea pasta, ikiwa na aina nyingi zisizo na idadi, zikiwemo zisizo na ndevu kabisa. Kanuni yake ilikuwa imesema kwamba kitu kama hicho kinafaa kuwepo mahali fulani. Kumbe kilikuwa shambani kwa mkulima wa Ethiopia.

Safari hizi zilimpa nadharia yake maarufu zaidi, aliyoichapisha mwaka 1926 na kuiboresha baadaye. Kila zao lina kwao. Na ukitaka kujua kwao ni wapi, tafuta mahali lilipo na aina nyingi zaidi. Ni kama kutafuta watu wa ukoo wako. Nairobi utawapata wawili watatu, lakini ukienda ushago unakuta kijiji kizima, warefu kwa wafupi, wenye hasira na wapole. Mahindi kwao ni Mexico. Viazi kwao ni milima ya Andes. Kahawa na teff kwao ni Ethiopia. Ngano ya mkate asili yake ni huko Asia Magharibi na pembezoni mwa Bahari ya Kaspi, ambako nyasi za mwituni zilichanganyika na ngano ya wakulima maelfu ya miaka iliyopita.

Kufikia mwaka 1940 taasisi yake ilikuwa na sampuli zipatazo 250,000. Yeye na wenzake hawakuzichagua kwa uzuri wala kwa ukubwa wa punje. Walibeba kila kitu, hata mbegu iliyoonekana dhaifu. Msimamo wake ulikuwa kwamba hujui kesho utahitaji nini.

ALICHOKUSANYA BILA KUJUA

Hapa ndipo hadithi inatufikia sisi tunaokula chapo na mandazi leo.

Kuna madini yanaitwa seleniamu. Mwanakemia wa Uswidi, Berzelius, aliyagundua mwaka 1817, na kwa zaidi ya karne moja yalijulikana zaidi kama sumu. Mwaka 1957 tu ndipo watafiti walipoonyesha kwamba mwili unayahitaji. Wakati huo Vavilov alikuwa amekufa miaka 14 iliyopita.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho. Lakini ukikosa hicho kidogo, kinga ya mwili inalegea na tezi ya shingoni haifanyi kazi sawasawa. Kule Uchina, wilaya ya Keshan, watoto na wanawake walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo uliopewa jina la wilaya hiyo, na baadaye ikajulikana kwamba upungufu wa seleniamu ulichangia. Ukizidisha nako ni noma, kwa sababu inageuka sumu.

Wengi duniani hupata seleniamu kupitia nafaka. Kwa hiyo swali linakuja: ngano za kienyeji za zamani zina madini mengi kuliko za kisasa?

Jibu lina pande mbili, na ni vizuri kulisema bila kutia chumvi, kwa sababu mitandaoni utaambiwa kila kitu cha kale ni dawa. Kwa madini mengine kama zinki na chuma, mbegu ina sauti kubwa. Pale Rothamsted, Uingereza, kuna shamba ambalo limepandwa ngano tangu 1843, na watafiti wametunza sampuli za mavuno miaka yote hiyo. Walipozipima, zinki, chuma, shaba na magnesiamu vilikaa vile vile hadi miaka ya 1960, kisha vikaanza kushuka. Ni wakati huo huo ngano fupi zenye mavuno makubwa zilipoingia. Udongo haukuwa umeishiwa. Ilikuwa mbegu. Punje ziliongezeka, wanga ukawa mwingi, madini yakagawanywa kidogo kidogo kama chai iliyoongezwa maji wageni wakizidi.

Kwa seleniamu, udongo ndio wenye sauti kubwa. Watafiti wa Australia walipolinganisha ngano za kisasa, tofauti kati ya mbegu na mbegu ilikuwa ndogo mno, ila tofauti kati ya shamba na shamba ilikuwa kubwa sana. Mwaka 2021, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulipima nafaka za Ethiopia na Malawi na kukuta kwamba kiasi cha seleniamu kwenye chakula chako kinategemea sana mahali unapoishi. Watu wawili wanaweza kula sahani ile ile ya chakula, mmoja akatosheka na mwingine akapungukiwa, kwa sababu tu ya udongo wa kijiji.

Ndiyo maana Finland, ambayo udongo wake una seleniamu kidogo, iliamua mwaka 1984 kwamba mbolea za nchi nzima ziongezwe madini hayo. Ngano ikayanyonya, ng'ombe wakayala, na watu wakayapata kwenye mkate na maziwa bila kumeza kidonge hata kimoja. Huo ni mfano mmoja wa kile wataalamu wanakiita urutubishaji wa mazao: virutubisho vinaingia shambani, mmea ukikua. Ni tofauti na kuongeza vitamini kiwandani, jambo ambalo Kenya ililifanya kuwa sheria kwa unga wa ngano na wa mahindi uliofungwa mwaka 2012. Unga wa kiwandani unamfikia anayenunua dukani. Anayesaga posho mahindi yake mwenyewe anabaki nje. Mbegu yenyewe ikiwa na madini, huyo naye anafikiwa.

Lakini utafiti ule wa Australia ulikuta jambo lingine. Rai, pamoja na nyasi moja ya mwituni ambayo ni mzazi mmojawapo wa ngano ya mkate, zilibeba seleniamu zaidi ya ngano ya kisasa. Nyasi hiyo humea Iran, Afghanistan na kuzunguka Kaspi, nchi zile zile ambazo Vavilov alizipita akiwa juu ya farasi. Na mwaka 2006 wanasayansi walitangaza kwamba wamepata kwenye ngano mwitu jeni inayoongeza protini, zinki na chuma kwenye punje, jeni ambayo ngano nyingi za kisasa hazina. Leo ngano zenye zinki nyingi, zilizozalishwa kwa kutumia damu ya ngano za kienyeji na ndugu zao wa mwituni, zinapandwa India na Pakistan.

Ukisikia hivyo unaelewa kwa nini yule jamaa alibeba hata punje zilizokunjamana. Mbegu iliyoonekana takataka mwaka 1924 inaweza kuwa ndiyo yenye jibu la swali ambalo halijaulizwa bado. Ikitupwa, hakuna maabara itakayoirudisha.

MSHINDANI MWENYE AHADI TAMU

Sasa turudi Urusi, maana hapa mambo yanachacha.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Stalin alilazimisha wakulima waingie kwenye mashamba ya pamoja. Matokeo yalikuwa janga. Mwaka 1932 na 1933 mamilioni walikufa njaa, hasa Ukraine. Serikali ilihitaji mavuno haraka, na ilihitaji pia mtu wa kulaumiwa.

Hapo akatokea Trofim Lysenko, kijana wa wakulima kutoka Ukraine, msemaji mzuri, kipenzi cha magazeti. Alidai kwamba ukiloweka mbegu na kuziweka kwenye baridi, unaweza kubadilisha tabia yake na watoto wake wakairithi. Alikataa kabisa kwamba jeni zipo. Vavilov akisema mbegu mpya nzuri huchukua miaka 10 au zaidi kuizalisha, Lysenko anaahidi miaka miwili mitatu. Wewe ukiwa kiongozi mwenye wananchi wenye njaa, utamsikiliza nani?

La kusikitisha ni kwamba mwanzoni Vavilov mwenyewe alimuunga mkono. Alimwona kijana mwenye bidii aliyetoka chini, akamsifia na kumfungulia milango. Baadaye alipoona kwamba majaribio ya Lysenko hayathibitishwi na yeyote, alianza kumpinga. Lakini jamaa alikuwa tayari ana sikio la Stalin. Mwaka 1935 Vavilov aliondolewa kwenye urais wa akademia ya taifa ya sayansi za kilimo, na mwaka 1938 kiti hicho akakalia Lysenko. Wenzake wakaanza kukamatwa mmoja mmoja.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba jeni ni upuzi, apige makofi, aendelee kula mshahara. Wengi walifanya hivyo na huwezi kuwalaumu sana, maana waliokuwa wakibisha walikuwa wanapotea. Yeye mwaka 1939 aliwaambia wafanyakazi wake waziwazi kwamba yuko radhi kuchomwa moto kuliko kuacha anachoamini ni kweli.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa magharibi mwa Ukraine akifanya kazi aliyoipenda, kukusanya mimea. Gari jeusi likaja. Wanaume waliokuwemo wakasema anahitajika Moscow kwa dharura. Akapanda, hakurudi. Wenzake walipopanga mizigo aliyoiacha, ndani ya mfuko wake walikuta aina ya ngano ya kale aliyokuwa ameipata siku ile ile. Hadi dakika ya mwisho, jamaa alikuwa anaokota ngano.

SARATOV, MARA YA PILI

Alihojiwa mara mamia, mara nyingi usiku kucha, hadi akakubali mashtaka ya kuhujumu kilimo cha nchi. Tarehe 9 Julai 1941 alihukumiwa kifo. Wajerumani walipokaribia Moscow mwezi Oktoba, wafungwa walihamishwa, na yeye akapelekwa Saratov, mji ule ule ambao miaka 21 nyuma alikuwa amepigiwa makofi kama shujaa. Jela haikumnyamazisha kabisa. Aliandika kitabu kuhusu historia ya kilimo duniani, ambacho kilipotea, na aliwafundisha wafungwa wenzake masomo ya mimea gizani. Mwaka 1942 adhabu ya kifo ilibadilishwa ikawa kifungo cha miaka 20. Njaa haikungoja.

Mke wake, Yelena Barulina, mtaalamu wa dengu, alikuwa amehamishiwa Saratov pia pamoja na mtoto wao Yuri. Waliishi mji mmoja na yeye bila kujua. Mama huyo alikuwa akijinyima ili atume vifurushi vya chakula Moscow, akidhani mumewe bado yuko huko. Havikumfikia kamwe.

Wakati huo huo, Leningrad ilikuwa imezingirwa na jeshi la Hitler. Mzingiro ulidumu siku 872 na watu mamia ya maelfu walikufa njaa. Ndani ya taasisi ya Vavilov kulikuwa na tani za mchele, ngano, njugu, maharagwe na viazi. Wafanyakazi walijifungia humo, wakalinda mbegu dhidi ya panya, baridi na wezi, wakachoma fanicha ili viazi visigande. Mtaalamu wa mchele, Dmitri Ivanov, alikufa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mchele. Alexander Shchukin, wa njugu, alifia mezani kwake. Angalau watu tisa walikufa hivyo. Hawakula mbegu zile kwa sababu walijua kwamba vita vikiisha, ndizo zitakazohitajika kupanda upya nchi.

Wala hawakujua kama bosi wao yuko hai.

WAKO WAPI LEO

Lysenko alitamba miaka mingine mingi. Mwaka 1948 jenetiki ilipigwa marufuku rasmi katika Muungano wa Kisovieti, na nchi hiyo ikabaki nyuma wakati dunia nzima inaendelea. Aliangushwa katikati ya miaka ya 1960. Vavilov alisafishwa jina mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 taasisi yake ikapewa jina lake.

Mbegu zake bado zinafanya kazi. Australia, watafiti wamechunguza karibu aina 300 za ngano kutoka mkusanyo wake wakitafuta kinga dhidi ya kutu, swali lile lile alilojiuliza akiwa kijana. Na kutu hiyo si ya mbali. Aina kali iliyotisha wakulima wa dunia iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na kituo cha Njoro, Nakuru, kimekuwa kikipima maelfu ya ngano kutoka nchi mbalimbali kuona ni ipi itakayoihimili.

Sisi nasi tuna benki yetu ya mbegu, pale Muguga, Kiambu. Wengi wanaipita wakielekea Limuru bila kujua. Humo mna mtama, wimbi, kunde na mboga za kienyeji zilizokusanywa kutoka mashamba ya watu kote nchini. Lakini benki haiwezi kufika kila boma. Kuna mbegu ambazo ziko kwenye kibuyu cha nyanya yako tu, zenye jina ambalo ni yeye peke yake analijua, na hakuna aliyewahi kuzipima zina zinki kiasi gani au chuma kiasi gani. Ukienda ushago Desemba, muulize majina yake, na umuulize inapandwa lini na ilitoka kwa nani. Andika kwenye simu. Kazi ya Vavilov ilianza kwa maswali kama hayo, akiwa amechuchumaa pembeni ya shamba la mtu, daftari mkononi.

Yeye alizikwa kwenye kaburi la pamoja mjini Saratov, na hakuna anayejua hasa amelala sehemu gani. Mbegu haziwezi kukaa ghalani milele, zinakufa. Kwa hiyo wafanyakazi wa taasisi yake hutoa sehemu ya mkusanyo, huipanda, huvuna punje mpya na kuzirudisha kwenye pakiti zenye namba zile zile. Ngano ya Ethiopia aliyoibeba kwa nyumbu mwaka 1927 inaendelea kuota hivyo, kizazi baada ya kizazi.